Skrubu za zege zisizotumia fisha: uzoefu wangu

Hizi ni skrubu za mm 7.5, kichwa bapa chenye tundu la nyota T30, zinazojikatia njia zenyewe ndani ya zege. Unatoboa kwa biti ya mm 6 kwenye drili ya nyundo, unasafisha tundu, unafunga. Kwa reli za makabati, mbao za rafu na fremu za milango nazipendelea kuliko fisha (kile kipande cha plastiki kinachoingizwa tunduni kabla ya skrubu). Ila zina masharti, na wengi wanaozilaumu wangeanza kwa kulitazama tundu walilotoboa.

Kwanza urefu. Lipu haibebi kitu, usiihesabu. Chukua ubao wa mm 20 juu ya lipu ya mm 15: skrubu ya mm 72 inabakiza mm 37 ndani ya zege, na inatosha, kwa kuwa zinataka angalau mm 30 ndani ya zege lenyewe. Ya mm 52 kwenye ukuta huohuo inabakiza mm 17 tu. Itakaza vizuri na itaonekana sawa kabisa, mpaka kabati lijazwe vyombo.

Tundu lipite ncha ya skrubu kwa mm 10. Kwa mfano huo ni mm 62 kutoka uso wa lipu. Zungushia biti utepe pale pa kuishia. Hizo mm 10 ni nafasi ya unga. Skrubu inapokata njia husukuma unga mbele yake, na unga ukikosa pa kwenda, skrubu inagoma kichwa kikiwa bado nje. Ukiilazimisha inakatika shingo, na kipande kilichobaki ukutani hakitoki. Kwa hiyo puliza, sugua kwa brashi nyembamba, puliza tena (miwani usoni, tafadhali). Biti iliyolika nayo huleta tatizo hilohilo, maana tundu linakuwa jembamba kuliko mm 6.

Ubao utoboe kwa mm 8 ili skrubu ipite bila kuung'ata. Ukiacha tundu la mm 6 kwenye ubao, meno yanashika ubao na zege kwa pamoja, na mwanya uliopo nyuma ya ubao haufungi hata ukaze vipi. Kwenye fremu ya mlango ni kinyume: hapo unataka ing'ate, fremu isivutwe ikapinda.

Kukaza kupita kiasi ndiko kunakoziua zaidi. Mashine ya kukazia yenye kugonga iache kichwa kikibakiza mm 5, umalizie kwa mkono. Kichwa kikilala na ubao, simama. Ukihisi mkono umelegea ghafla, meno ya zege yameshasagika. Tundu hilo lipanue hadi mm 10 uweke fisha ya nailoni, au usogee pembeni.

Biti ikigonga nondo, sauti inabadilika na haisongi tena. Usishindane nayo, hamisha tundu. Wima wa swichi na soketi, juu na chini, usitoboe kabisa. Nyaya mara nyingi hupita humo.

Kwenye tofali lenye uwazi au tofali laini siziweki, kwa sababu meno yanamomonyoa kuta nyembamba za tofali. Hapo fisha ndefu ya nailoni inashinda. Bafuni na nje tafuta za chuma kisichoshika kutu. Zile zilizopakwa zinki zitaanza kutoa doa la kahawia kichwani.

Nyota moja ya ziada nazipa kwenye kingo: hazitanui zege kama bolti za kutanuka, kwa hiyo hatari ya kupasua ukingo ni ndogo. Na ukitaka kuifungua na kuirudisha kwenye tundu lilelile, izungushe kwanza kinyume, taratibu kwa bisibisi, mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze.