Programu ya umbali wa ndege iliyoitupa Kigoma baharini

Nafundisha hisabati sekondari hapa Kigoma. Hii programu ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege niliilipia kwa hela yangu mwenyewe, si ya shule, kwa ajili ya ile mada ya dunia kama tufe. Nilitaka wanafunzi waone kuwa zile nyuzi za longitudo na latitudo kuna watu zinawalisha.

Nikaanza na Dar hadi Kigoma. Jibu: kilomita 7,600 na ushee. Jamani! Reli ya kati yenyewe, pamoja na kuzungukia Dodoma na Tabora, ni kama 1,250. Kwa ndege haifiki hata 1,100. Nikafungua ramani yao. Kigoma inaelea kwenye bahari ya Atlantiki, upande wa Brazili huko! Sisi tuko nyuzi 29.7 mashariki, wao wameweka magharibi. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namkata alama bila huruma. Hawa wanatuuzia.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, tena kwa adabu, na zile herufi tatu za kuutambulisha uwanja wetu nikaweka: TKQ. Nikajibiwa: "Tafadhali hakikisha kwanza kama mji wako una uwanja wa ndege."

Nihakikishe! Ndege ya kutoka Dar ikiwa inashuka huwa nasimamisha somo mpaka ipite, maana hatusikilizani. Huyo aliyenijibu hata kuandika hizo herufi tatu alishindwa? Salamu yenyewe hakunipa.

Haya, haki isemwe. Viwanja vingine inavipatia. Nilijaribu Entebbe na Quito kule Ecuador, kwa sababu vyote viwili viko karibu kabisa na ikweta na unaweza kuihakiki kwa kalamu. Entebbe ni nyuzi 32.4 mashariki, Quito 78.4 magharibi, pande tofauti, unajumlisha: 110.8. Kila nyuzi moja ya ikweta ni maili za baharini 60, kwa hiyo zidisha kwa 60 upate maili 6,648, kisha kwa 1.852, maana maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, unapata kilomita kama 12,312. Programu ilisema 12,320. Darasa zima likapiga makofi. (Rubani halisi hukwepa hali mbaya ya hewa na anga zilizofungwa, kwa hiyo angani zitaongezeka kidogo, lakini hilo si kosa la programu.) Siku ile ningewapa nyota nne, na Kigoma ningeisamehe.

Sasa juzi kati wakanitumia ujumbe: tatizo limetatuliwa, asante kwa uvumilivu. Nikafungua kwa furaha kabisa. Kigoma hawakuirudisha Tanganyika, wameifuta kwenye orodha! Ukiandika jina lake inakuuliza, "Ulimaanisha Kigali?"

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya Quito.