Kinga ya kupaka juu ya picha za inkijeti: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela kununua kinga ya picha za inkijeti, yaani zilizochapwa kwa printa ya kurusha matone ya wino, chapa vipande vidogo vya rangi nzito kwenye karatasi ya kawaida: nyeusi, bluu, nyekundu, njano. Viache vikauke mpaka kesho yake. Kisha lowesha ncha ya kidole, bonyeza kila kipande na uvute kidogo. Rangi ikifuata kidole, huo ni wino wa dai, yaani rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya kimiminika. Ikibaki palepale, una wino wa pigmenti, ambao ni chembe ndogo sana zinazokaa juu ya karatasi. Usiishie kwenye rangi moja, kwa sababu printa nyingi za nyumbani hubeba nyeusi ya pigmenti na rangi nyingine za dai. Jibu utakalopata hapo lina uzito kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye kopo.

Nasisitiza hivyo kwa sababu watu wengi hununua vanishi kwanza, halafu ndipo wanagundua kwamba haikubaliani na wino wao. Picha inachirizika mbele ya macho yao, na mara nyingi ni ile waliyoitaka kuliko zote.

Picha ya inkijeti ina maadui wanne: mwanga, hewa, maji na mikwaruzo. Hewa ndiyo inayosahaulika. Karatasi nyingi za picha zinazokauka papo hapo zina vinyweleo vidogo mno vinavyonyonya wino, na vinyweleo hivyo hivyo huacha gesi ya ozoni iufikie wino uliomo ndani. Mwaka 2000 watumiaji wa printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 waliona picha zao za karatasi ya kung'aa zikigeuka rangi ya chungwa baada ya muda mfupi tu, hata pasipo na jua. Ozoni ilikuwa imekula rangi ya samawati. Wino umeboreshwa sana tangu hapo, ila somo lenyewe bado lipo: wino wa dai kwenye karatasi ya vinyweleo, ukiachwa wazi hewani, hupauka. Kinga nzuri huziba vinyweleo hivyo. Haiwezi kuugeuza wino wa dai kuwa pigmenti, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Ya kwanza: spreyi ya akriliki yenye kiyeyusho, iliyotengenezwa kwa ajili ya inkijeti

Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua hii. Hahnemühle Protective Spray na PremierArt Print Shield ni mifano inayojulikana. Sababu ya kuiweka juu ni kwamba haina maji, wala brashi haigusi picha, hivyo inafaa kwa wino wa dai na wa pigmenti pia. Tabaka lake ni jembamba, halibadilishi sana sura ya karatasi, na huwa na dawa ya kuzuia miale ya urujuanimno. Maabara ya Wilhelm Imaging Research, inayopima muda ambao picha hudumu, imewahi kupima picha zilizopuliziwa Print Shield kando ya zile zilizoachwa wazi. Kwangu hiyo ni alama kubwa, kwa sababu makopo mengi huandikwa "hulinda" bila kipimo chochote nyuma yake.

Faida yake nyingine huonekana kwenye karatasi isiyong'aa. Weusi wa karatasi hiyo huwa na vumbivumbi, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Baada ya mikono miwili mitatu ya spreyi, weusi unazama, nywele zinaachana na kivuli kilicho nyuma yake, na nguo nyeusi inaonyesha mikunjo ambayo hukujua kama ilichapwa. Kwenye karatasi ya kung'aa yenye wino wa pigmenti, spreyi ya kung'aa husawazisha yale mabaka unayoyaona ukiinamisha picha, pale penye wino mwingi na pasipo na wino panapong'aa tofauti.

Kuna jambo moja uliangalie. Karatasi nyingi nyeupe sana zimetiwa dawa ya kung'arisha inayotegemea miale ya urujuanimno ili iwake. Ukiizuia miale hiyo, weupe unashuka kidogo na kuelekea rangi ya maziwa. Si kasoro ya spreyi. Kama picha yako ina theluji, shela la bibi harusi au mandhari meupe, jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi hiyo hiyo.

Ya pili: vanishi ya maji, kwa kanvasi na wino wa pigmenti tu

Kwa picha ya kanvasi, hii inaipita spreyi. Kanvasi huguswa, hufutwa vumbi, na hukunjwa pembeni inapowambwa kwenye fremu ya mbao. Hapo kwenye mikunjo ndipo wino hupasuka na kuacha mstari mweupe. Vanishi kama Breathing Color Timeless hutengeneza ngozi nene inayonyumbuka. Ipake kwa roli ya sponji, iache ikauke kabisa, ndipo uwambe. Ukiwamba kwanza, pembe zitapasuka kabla hazijapata kinga.

Kwenye wino wa dai usiithubutu. Maji yake yanauyeyusha wino, na roli inausambaza.

Ya tatu: filamu ya kubandika bila moto

Hii ni plastiki angavu yenye gundi upande mmoja. Ni ya mabango, ramani, kadi za mezani na chochote kitakachoshikwa na mikono mingi. Kwa mikwaruzo na maji hakuna kinachoishinda. Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili: ikishika imeshika, huwezi kurudi nyuma, na chembe moja ya vumbi iliyonaswa chini yake itakutazama siku zote. Laminesheni ya moto iachie hati za karatasi ya kawaida. Karatasi ya picha yenye tabaka la plastiki inaweza kujikunja au kutoa malengelenge ikipita kwenye joto.

Ya nne: nta

Nta ya mikrokristali au Dorland's Wax Medium, ambayo ni nta ya wachoraji, ikipakwa kwa kitambaa laini juu ya pigmenti kwenye karatasi ya pamba, huipa picha uhai wa kipekee mkononi. Naipenda kwa picha ndogo za kuhifadhi kwenye sanduku. Lakini haizuii mwanga, na ukisugua kwa nguvu utakwangua wino. Jaribu pembeni kwanza.

Za kuacha

Vanishi nyingi za mbao hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, na ngozi ya mtu kwenye picha ndiyo huonyesha mapema. Spreyi ya nywele inanata na haikutengenezwa kudumu. Gundi nyeupe ina maji, kwa hiyo yale ya vanishi ya maji yanaihusu, na huacha michirizi.

Na kama picha inakwenda nyuma ya kioo, pengine huhitaji kununua chochote kati ya hivi. Kioo kinachozuia urujuanimno, pamoja na ukingo wa kadi unaoiacha picha isigusane nacho, vinatosha kwa picha nyingi za ukutani.

Sasa kupuliza, maana hapo ndipo spreyi nzuri huharibiwa. Wino una glikoli na viyeyusho vingine vinavyotoka polepole. Laza karatasi ya kawaida juu ya picha, uiache saa 24 angalau. Karatasi hiyo ikitoka na mawimbi, weka nyingine na usubiri tena. Ukipuliza mapema, unafungia mvuke ndani.

Tikisa kopo dakika mbili kamili. Shika umbali wa sentimita 25 hadi 30, anza kupuliza nje ya picha, pita hadi nje ya upande wa pili, na kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe mwembamba kiasi cha kukutia wasiwasi kwamba hujapaka kitu. Geuza picha robo mzunguko kabla ya mkono wa pili. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mzito, ambao hutuama na kukauka na vidimbwi.

Unyevu wa hewa niliujua kwa kuumia. Nilipuliza picha ya mama mmoja mzee jioni mvua ilipokatika, kwa sababu niliahidi kuipeleka asubuhi. Kiyeyusho kinapokimbia hupoza uso wa picha, na mvuke wa hewani ukageuka matone ndani ya tabaka la spreyi. Kitambaa chake cheusi cha kichwani kikafunikwa na weupe kama pumzi juu ya kioo. Siku kavu iliyofuata nilipuliza mkono mwembamba mwingine, weupe ukapungua bila kwisha. Nikachapa upya. Tangu siku hiyo, hewa ikiwa nzito sipulizi, hata kama mtu amekaa ananisubiri.

Fanyia kazi hii nje au mahali penye hewa inayopita, mbali na moto na hata cheche, maana gesi ya kopo huwaka. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa viyeyusho. Ile ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke unapita. Ukimaliza, pindua kopo juu chini na upulize pembeni mpaka itoke gesi tupu, kisha futa mdomo wake. Usipofanya hivyo, tundu litaziba, na siku nyingine kopo litatema matone juu ya picha.