Waya uliokuja kwenye boksi umeniharibia siku ya mwalimu wetu

Naanza na waya, maana mpaka leo nikiuona kwenye droo roho inanichafuka.

Nilinunua kile kifaa kidogo cha kunasa video, kinachokaa kati ya kamera na kompyuta: HDMI ya kamera inaingia huku, USB inatokea kule, na ule waya ndio unaopeleka picha kwenye kompyuta. Jina la kampuni nalihifadhi. Sifa za kwenye boksi sizirudii, anayezitaka atazipata. Nilikitaka kwa kazi moja tu. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa anastaafu, na sisi aliotufundisha tumetawanyika kila pembe ya dunia. Tukakubaliana hafla irushwe mubashara, na kazi hiyo nikaibeba mimi kwa moyo wote.

Nilijiandaa, jamani. Kompyuta niliiunganisha na ruta kwa kebo, Wi-Fi sikutaka hata kuisikia. Programu niliyotumia kurushia ni OBS Studio, ile ya bure iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012. Sauti zote niliziweka kwenye kilohezi 48, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, kwenye kompyuta na kwenye programu, kwa sababu ukichanganya 44.1 na 48 unaweza kujikuta sauti inakwaruza au inaachana na midomo. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilifanya jaribio la saa nzima. Kamera niliielekeza kwenye kiti atakachokalia mwalimu. Picha ilikuwa safi, rangi safi, nikaenda kulala na amani.

Kumbe kiti hakisogei. Hapo ndipo ubovu ulipojificha.

Mwalimu alipoinuka kuongea, nikaona mkono wake uko kifuani, mara uko juu ya kichwa, katikati hakuna kitu. Anageuza shingo kwa vipande. Sauti inatiririka vizuri kabisa, picha inarukaruka. Ujumbe ukaanza kumiminika: mbona mwalimu anaganda? Wengine wakadhani intaneti yao ndiyo mbovu, wakawa wanatoka na kuingia tena, wanapoteza maneno yake bure.

Nikafungua dirisha la takwimu la OBS. Hapa naisifu hiyo programu bila kinyongo, kwani inakwambia ukweli hata kama haukufurahishi. Fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, zilizopotea njiani kwenye mtandao: sifuri. Zilizorukwa kwa sababu prosesa imeelemewa: sifuri. Zilizochelewa kuchorwa: sifuri. Maana yake picha ilikuwa inafika kwenye kompyuta ikiwa imeshaharibika. Tatizo liko nyuma, kwenye kifaa au njia yake.

Nikawapigia huduma kwa wateja, mwalimu bado anaongea. Akapokea dada mmoja, hata salamu hakuimalizia. "Ndugu mteja, kompyuta yako ni dhaifu."

Nikamwambia, "Dada yangu, prosesa haijafika hata asilimia 30. Nimeangalia takwimu, nikusomee?"

"Kama huna kompyuta ya kazi hizi, usilaumu kifaa chetu."

Simu ikakatwa. Dakika chache baadaye ukaingia ujumbe: tatizo lako limetatuliwa, tafadhali tupe nyota. Nikainua macho kwenye skrini, mwalimu wangu bado anakatika vipande vipande.

Siku kadhaa baadaye, rafiki yangu anayefanya kazi za mitambo ya sauti na picha akaomba kuuona ule waya. Hakugusa kompyuta wala kamera. Alichomoa plagi, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akaniita. "Hesabu vile vibati vya shaba." Vilikuwa vinne. Akaleta waya wake mwingine wa USB 3.0: vinne mbele, na vitano vimejipanga nyuma yake, jumla tisa. Plagi zenyewe ukizitazama kwa nje ni sawa kama mapacha. Wangu ulikuwa wa USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa vitendo haufiki hata hapo. Picha ya 1080, yaani ya HD kamili, isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, inataka karibu megabiti 1,000 kwa sekunde. Ikakosa pa kupita. Tukafungua mipangilio ya kamera ndani ya OBS, na kweli, kwenye ukubwa ule fremu zilizokubaliwa zilikuwa 5 tu kwa sekunde.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye orodha hiyohiyo, mstari mmoja chini, kulikuwa na chaguo la MJPEG, yaani picha inabanwa kabla ya kupita kwenye waya. Tulipolichagua, fremu 30 zikaja palepale na waya uleule mbovu. Sentensi moja tu! Dada yule angesema, "badilisha iwe MJPEG," hafla yote ingeokoka. Yeye akachagua kuitukana kompyuta yangu.

Sasa nisiwe mwongo. Nilipoweka waya wa vibati tisa, kifaa kilifanya kazi vizuri ajabu. Picha laini, hakipati moto wa kutisha, kompyuta inakitambua papo hapo bila kusakinisha chochote. Nimekitumia kwenye vikao viwili tangu hapo, havikukwama hata mara moja. Nilishafika mahali pa kusema nakipa nyota nne na kuwashauri wenzangu wakinunue, ila wachukue waya mwingine siku hiyohiyo.

Halafu wiki iliyopita kampuni ikanijibu. Nilikuwa nimewatumia picha ya ile plagi, vibati vyote vinne vinaonekana waziwazi, nikawaandikia kwa adabu kabisa ili mwingine asije akaumia. Wakajibu kwamba waya wa kwenye boksi ni wa kuanzia tu, na mteja anayetaka video nzuri anashauriwa kutafuta waya wake. Kifaa cha video! Wanakiuza kwa ajili ya video, wanakiwekea waya usiobeba video, na kwenye boksi hakuna hata mstari mmoja wa kukuonya. Pole hawakusema. Nyota nne nimezifuta. Naacha moja, nayo ni ya yule fundi aliyekibuni, si ya waliokifungasha wala wanaopokea simu.

Mwalimu ameniomba nakala ya siku ile aiweke nyumbani kwake. Nimempa ya sauti tu.