Kufunga Duka kwa Ukarabati au Kukarabati Huku Ukiuza
Mwenye duka la vitambaa Kariakoo anayetaka kulipanga upya ana njia mbili. Akifunga kabisa, fundi hufanya kazi mfululizo, na zege la sakafu, ambalo kwa kawaida hupimwa nguvu yake siku ya 28, hukomaa bila kukanyagwa mapema. Lakini kodi ya fremu haisubiri, na mteja aliyekuta mlango umefungwa mara mbili huhamia kwa jirani. Akikarabati nusu nusu, mauzo yanaendelea, ingawa vumbi la saruji halina huruma na vitenge. Mimi ningefunga, tena baada ya masika, kwani kati ya Machi na Mei rangi ya nje hukauka kwa shida, na ningebandika mlangoni tarehe ya kufungua.