Bruce Lee kwenye deki ya Mbeya: boksi lipi ununue, lipi uliache

Ulizia picha za Bruce Lee pale Mwanjelwa au Kabwe na utapewa DVD moja yenye picha kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Tuanze na hiyo, maana ndiyo iliyo karibu na ndiyo inayowaharibia watu jina la steringi huyu bila wao kujua.

Kwanza, hesabu haikubali. Bruce Lee alimaliza picha nne tu za ngumi akiwa steringi: The Big Boss (1971), Fist of Fury na The Way of the Dragon (zote 1972), na Enter the Dragon (1973). Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, takribani mwezi mmoja kabla Enter the Dragon haijaingia kwenye majumba ya sinema. Game of Death ilitoka 1978, ikiwa imeshonwa kwa vipande alivyoviacha. Ukiona "Bruce Lee 12" ujue humo ndani kuna wageni. Wengi ni Bruce Li, ambaye ni Mtaiwani Ho Chung-tao, au Bruce Le, au Dragon Lee, vijana waliopewa majina na miwani ya marehemu ili tiketi ziuzwe. Geuza jalada usome mwaka: picha yenye jina "Bruce" iliyotengenezwa kati ya 1974 na 1977 si yake, isipokuwa vipande vya tamthilia ya The Green Hornet ya 1966–67 vilivyounganishwa baadaye kuwa picha ndefu. Humo alicheza Kato, dereva na mpiganaji anayevaa kinyago.

Pili, ubora. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Ukiipakia picha kumi za dakika mia moja moja, kila sekunde inabakiwa na chini ya megabiti 1, wakati DVD ya kawaida hutumia 4 hadi 6. Hata zile VCD za zamani, zilizokatisha picha katikati ukabadilisha diski, zilikuwa na takribani 1.15. Mahali mtu anapokaa tuli akizungumza hutaona tatizo. Mguu ukinyanyuka tu, skrini inageuka vigae. Na picha za Bruce ni miguu na mikono mwanzo mwisho.

Tatu, kingo zimekatwa. Picha zake zilipigwa kwa umbo pana, upana mara 2.35 ya kimo. Nakala nyingi za kumi-kwa-moja zilitoka kwenye kanda za VHS zilizobanwa zienee runinga za kichogo, na hapo zaidi ya asilimia 40 ya upana hupotea. Pambano la Colosseum, Bruce na Chuck Norris, limepangwa wawili hao wasimame mwisho huu na mwisho ule wa fremu. Kwenye nakala iliyobanwa unaona kiwiko cha mmoja na sikio la mwingine.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji: "Kaka, iweke kwanza tuione." Akiweka The Way of the Dragon, nenda kwenye uchochoro wa nyuma ya mgahawa, pale Bruce anapochomoa nunchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, tena jozi mbili. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza walizikata nunchaku kwa miaka mingi, na nakala zilizozaliwa na kanda za kule zina pengo hapo: adui yuko wima, mara yuko chini. Kama pengo lipo, rudisha diski kwenye kasha lake.

Jambo jingine linalokula hela za watu ni majina. Marekani picha hizi zilibatizwa upya, na vibandiko viwili vikabadilishana. Fists of Fury, yenye "s" mwishoni mwa neno la kwanza, ni The Big Boss. Fist of Fury yenyewe kule iliitwa The Chinese Connection. The Way of the Dragon ikaitwa Return of the Dragon, kana kwamba ni mwendelezo wa Enter the Dragon, ingawa ilipigwa kabla yake. Wapo walionunua picha moja mara mbili kwa majina mawili.

Sasa matoleo halali, na ukanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa isomwe, ndio utakaoamua. Kwa DVD, Tanzania iko ukanda wa 5, lakini deki nyingi za Kichina zinazouzwa Iringa na Mbeya husoma kanda zote, kwa hiyo DVD ya Uingereza (ukanda wa 2) kwa kawaida haikusumbui. Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, ni habari nyingine. Huko Afrika nzima iko ukanda B pamoja na Ulaya, na Marekani iko A. DVD unaweza kuifungulia ukanda kwa namba za siri za rimoti. Blu-ray kwa deki nyingi haifunguki hivyo, inataka fundi aguse bodi ya ndani. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko hata Blu-ray, hazina kufuli ya ukanda kabisa.

Ndiyo maana boksi linalosifiwa kuliko yote, la kampuni ya Criterion ya Marekani la 2020 liitwalo Bruce Lee: His Greatest Hits, tunalisifu kwa mbali. Lina diski saba za Blu-ray na picha zote tano, yaani zile nne pamoja na Game of Death. Enter the Dragon imo kwa sura mbili, ile ya 1973 ya dakika 99 na ndefu ya dakika 102 yenye mazungumzo na mwalimu wake hekaluni. Sauti ya mono (ya mkondo mmoja) ya asili imeachwa bila kubanwa. Ukiwa na deki ya ukanda A, nunua hilo ufunge mjadala. Ukiwa na deki iliyonunuliwa Dar es Salaam au iliyopita Tunduma ikitokea kusini, uwezekano mkubwa ni B, na utaishia kusoma maandishi ya onyo kwenye skrini ya bluu. Muuzaji wa mtandaoni akikuambia "inasoma popote", muulize anazungumzia DVD au Blu-ray.

Kwa mtu wa huku, chaguo letu ni boksi la kampuni ya Arrow ya Uingereza la 2023, Bruce Lee at Golden Harvest. Lilitoka kwa 4K na kwa Blu-ray, na hiyo Blu-ray ya Uingereza ni ukanda wetu. Lina The Big Boss, Fist of Fury, The Way of the Dragon, Game of Death na Game of Death II ya 1981, ambayo ni ya kutazamwa mara moja tu.

Kinachopandisha thamani ya boksi hili ni Game of Death. Picha ya 1978 ni aibu yenye dakika kama kumi na moja tu za Bruce mwenyewe. Sehemu kubwa iliyobaki ni watu wa kufanana naye waliofichwa kwa miwani, ndevu na giza. Lakini 1972 alikuwa amepiga mapambano ya ghorofani akiwa na suti ya manjano: na Dan Inosanto, na Ji Han-jae, na Kareem Abdul-Jabbar mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Arrow wameyakusanya masalia hayo na kuyapanga katika kazi ya saa tatu hivi. Unaona anavyobadili mwendo kwa kila mpinzani, akirudia, akikosea. Ukiwa na muda wa diski moja tu katika boksi zima, tazama hiyo.

Kasoro ya boksi ni kwamba Enter the Dragon haimo. Ile ni mali ya kampuni ya Warner, waliyoitoa kwa 4K mwaka huohuo wa 2023, sura zote mbili. Kwa hiyo unahitaji manunuzi mawili. Boksi la Arrow la kwanza lilikuwa la idadi maalumu na lina kitabu kinene. Ukiliagiza kwa mkono wa pili uliza kama diski zote zimo, maana wapo wanaotoa diski na kuuza kitabu peke yake. Likija kwa sanduku la posta, hifadhi risiti ya bei uliyolipa. Bila hiyo ushuru wa kifurushi unakadiriwa kwa macho, na boksi hili machoni linaonekana ghali.

Je, uchukue 4K au Blu-ray? Kama runinga yako ni inchi 32 ya kawaida, chukua Blu-ray. Diski ya 4K haitaonyesha chochote zaidi hapo, na deki ikibadilisha rangi za HDR (zile zenye mwanga na kina zaidi) kwa runinga isiyozijua, picha hufifia kama imemwagiwa majivu. Kuanzia inchi 50 yenye 4K halisi tofauti inaonekana, hasa kwenye chumba cha vioo cha Enter the Dragon. Kwa vyovyote, zima ule ulainishaji wa mwendo kwenye menyu ya runinga. Ukiuacha, Bruce anatembea kama mchezaji wa tamthilia ya mchana. Rekebisha pia umbo la picha: mistari myeusi juu na chini ndiyo sahihi, usiivute.

Kuhusu sauti, usihangaike kutafuta "sauti yake halisi" kwenye picha za Hong Kong. Enzi hizo zilipigwa bila sauti, maneno yakaingizwa studio baadaye. The Big Boss na Fist of Fury zitazame kwa Kimandarini. Enter the Dragon kwa Kiingereza, maana hapo ndipo anaposema mwenyewe. Nakala zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina raha yake, na mtafsiri mzuri huongeza utani ambao picha haikuwa nao, lakini sauti yake hufunika zile kelele za Bruce kabla ya pigo, na kelele hizo ni nusu ya pigo.

Ukiwa na picha nne na siku nne, zifuate kwa mwaka. The Big Boss, iliyopigwa Thailand kwenye kiwanda cha barafu, inamweka karibu dakika 45 bila kupigana. Vumilia, kizuizi hicho kinalipwa. Fist of Fury ndiyo yenye hasira kali zaidi, na Jackie Chan, enzi hizo kijana wa kuruka na kuanguka, ndiye anayerushwa ukutani badala ya adui mkuu. The Way of the Dragon aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Nusu ya kwanza ni vichekesho vya mshamba mjini Roma, na si vyote vinachekesha.

La mwisho ni baridi yetu. Juni na Julai, Mbeya, Makete au Njombe, deki iliyolala kwenye chumba cha baridi huandika "No Disc" mara jiko likiingizwa ndani. Diski haijafa, lenzi imeshika umande. Iwashe bila diski, subiri saa moja au mbili. Moshi wa kuni hufanya hivyohivyo polepole, na huo hauondoki kwa kusubiri. Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Kwenye Blu-ray data imelala milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati kwenye DVD ni 0.6. Umeme wenu ukipandapanda na kushuka, deki ya 4K ipitishie kwenye stabilaiza ya friji.