Tairi za misimu yote kwa Forester XT: nilizochagua kwa njia ya Nakuru, Kericho na Kisumu

Gari langu ni Subaru Forester, toleo la XT, umbo la kizazi cha SJ, injini ya lita 2.0 yenye turbo. Turbo naitaja mapema makusudi, maana ndiyo inayobadilisha hesabu yote ya tairi. Gari limeinuka, lina nafasi, na nyuma linameza makatoni ya dawa za mifugo bila taabu. Lakini ukikanyaga mafuta upite trela pale Salgaa, linaondoka kama limetukanwa. Livalishe tairi laini za kwendea kanisani, utazimaliza kabla ya Krismasi. Livalishe za mbio, utanipigia simu nije nikuvute Mau Narok.

Mimi nauza dawa za mifugo na madini ya ng'ombe kwa maagroveti. Nakaa Nakuru, wateja wametapakaa hadi Kakamega. Asubuhi naweza kuwa barabara za ndani za Njoro, vumbi limenifika kwenye kope. Saa tisa alasiri niko Kericho na mvua yake isiyobisha hodi. Jioni niko Ahero, joto la tambarare za Kano linapanda kutoka kwenye lami. Hiyo ndiyo misimu yangu yote, na inaisha kabla ya chakula cha jioni.

Gari lilipotoka Japani lilikuja limevaa tairi za theluji. Magari mengi ya mitumba hushuka Mombasa hivyo, na pale yadi utasikia zikisifiwa: "Madam, angalia meno hayo, mapya kabisa, orijino ya Japani." Meno ni kweli yapo. Lakini inama usome ubavu wa tairi. Ukiona neno STUDLESS, hiyo ilitengenezwa kwa barafu ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Meno yake yamekatwakatwa kwa mikato myembamba ya wembe, na mpira wake umeundwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Mpira huo ukiupeleka Kisumu saa nane mchana unalegea. Breki zinachelewa kushika, gari linayumba kidogo kwenye kona, na meno yanalika ukiona kwa macho. Niliziuza kwa bei ya hasara nikaanza kutafuta za kwetu.

Kutafuta kwenyewe kulianza na alama mbili, na hapa ndipo watu wengi huuziwa maneno. M+S ni tope na theluji: inaonyesha kwamba mpangilio wa meno una nafasi za kutosha kutema uchafu. Haina maana kwamba tairi ilipelekwa kwenye theluji ikajaribiwa. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hiyo ndiyo iliyofanyiwa mtihani. Sisi tuliopakana na ikweta, theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya na haina barabara. Kwa hiyo mlima huo mdogo ubavuni mwa tairi si sababu ya kuongeza hata shilingi. M+S nilitaka, kwa ajili ya tope.

Saizi yangu ni 225/55R18 98V. Hiyo 98 inasema kila tairi inabeba kilo 750, na V inasema imepimwa kwa mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Muuzaji mmoja aliniambia nichukue herufi ya chini kwa kuwa sheria ya Kenya hainiruhusu kufika hata nusu ya mwendo huo. Kwenye sheria yuko sawa. Ila herufi hiyo inazungumzia pia uwezo wa tairi kuvumilia joto, na gari likiwa na mzigo, mchana, mteremko wa Sachangwan, breki zikiwa moto, joto ndilo adui. Nilikaa na V.

Nilipata majina manne ya kupima. La kwanza Michelin CrossClimate 2, ile yenye meno ya umbo la V. Kwa lami yenye maji sina shaka nayo, hiyo ni tairi ya heshima. Lakini ina mwelekeo, ina mshale ubavuni, kwa hiyo ukizungusha, yaani kuzibadilishana nafasi ili zilike sawa, unazungusha mbele na nyuma za upande uleule tu, na sehemu ya pesa unayotoa inalipia ule mtihani wa theluji. La pili Bridgestone Dueler H/P Sport. Vijana wa Subaru wa Nakuru, wale wanaotangulia sauti kabla ya gari, wangeifurahia: tairi ya lami ngumu na kona kali. Mtu asiyetoka Milimani kwenda zaidi ya Naivasha anaweza kuinunua leo. La tatu Yokohama Geolandar A/T, yaani ya kila aina ya ardhi, ya watu wa shamba. Nzito zaidi, inavuma kwenye lami, na mimi sehemu kubwa ya siku niko kwenye lami. Mwisho ndugu yake, Geolandar CV, iliyoundwa kwa magari ya umbo kama langu: misimu yote, M+S, mwendo wa starehe kuliko wa mbio. Hiyo ndiyo niliyochukua.

Kuzinunua hakukuwa kama kununua sukari. Duka la kwanza, la hapahapa Nakuru ambalo jina lake nalihifadhi, waliziteremsha nne kutoka kwenye rafu zikiwa zinang'aa, zimepakwa dawa nyeusi. Nilichuchumaa na tochi ya simu. Mwishoni mwa maandishi ya DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne ndani ya kijumba kidogo chenye umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tatu zilisoma 1424, wiki ya 14 ya 2024. Ya nne ilisoma 3821.

"Boss, hii moja ni kaka yao mkubwa," nikamwambia.

"Madam, tairi si maziwa, haigandi."

"Basi ya zamani niuzie kwa bei ya zamani."

Akacheka, akakataa, nikaondoka. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani bila kuguswa. Michelin wenyewe hushauri tairi ikaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na iondolewe ikitimiza 10 tangu kutengenezwa, hata ikiwa na meno. Halafu mimi naendesha Subaru. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na kitabu cha gari kinasisitiza tairi ziwe za saizi moja, aina moja na mlikano unaolingana. Moja ikiwa na mzingo tofauti, inazunguka kwa kasi yake, na klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma inafanya kazi isiyo yake hadi ichoke. Wanaonunua mbili mwezi huu na mbili wakipata pesa wafanye hivyo kwenye Probox. Kwenye Subaru tairi ni nne au subiri.

Duka la pili zote zilikuwa za wiki moja. Mwenye duka hakunikimbiza. Kijana aliyezifunga ndiye aliyenifanya nirudi kwake hadi leo. Kabla ya kuvisha alikwangua kutu na gundi ya zamani kwenye ukingo wa rimu kwa brashi ya waya, akabadilisha valvu zote nne bila kuambiwa, akapaka sabuni, akavisha, akajaza hadi tairi ikalia pa! ikakaa sawa. Kwenye mashine ya belensi rimu moja ilikuwa inadai risasi, vile vizito vya kusawazisha gurudumu, nyingi kupita kiasi. Wengine wangebandika mnyororo wa risasi waseme imekubali. Yeye alitoa upepo, akaizungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu, akapima tena. Risasi zilizohitajika zikabaki kidogo sana. Nati hakuzimalizia kwa mashine. Alishusha gari, akachukua spana ya kupimia nguvu, akakaza kwa mpangilio wa nyota. Kutoka hapo alainmenti. Yote pamoja, tairi nne na kazi, yalinitoka karibu laki moja. Za Kichina zingenigharimu kama nusu yake, na sizidharau zote, ila kwa gari la nguvu hizi sikutaka kubahatisha.

Walitaka pia kuniuzia upepo wa naitrojeni. Hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni tayari, na inajazwa bure. Nikashukuru.

Sasa barabarani. Sehemu niliyokuwa nikiisubiri ni kutoka Mau Summit kuteremkia Kericho. Pale Chepseon, mvua ikipiga, maji hayangoji mtaro. Yanakatiza lami kwa upana, na trekta za majani ya chai zimeshaacha tope la magurudumu yao juu yake. Kwa zile za theluji, ukiingia kwenye maji hayo usukani ulikuwa unakuwa mwepesi ghafla mikononi, dalili kwamba tairi inaelea na haigusi barabara. Kwa hizi mpya usukani unabaki na uzito wake. Unasikia maji yakipiga chini ya gari, shwaaa, unaliona dimbwi limepita, na gari halijahama mstari. Nimefunga breki ghafla kwenye mvua hiyohiyo baada ya matatu kusimama katikati ya barabara kubeba abiria, kama kawaida yake, na gari likasimama limenyooka. Mwendo ulikuwa wa adabu, nakiri. Hakuna tairi ya kukuokoa ukiwa 110 kwenye ukungu.

Kwenye murramu ya Njoro zinatosha kabisa. Mawe madogo hayagandi sana kwenye meno, na ubavu wa 55, yaani kimo chake ni asilimia 55 ya upana wa tairi, una mpira wa kutosha kumeza shimo usiloliona. Matuta ya mijini, yale yaliyomwagwa bila rangi wala kibao, yanapita kwa mshindo mdogo zaidi kuliko nilivyozoea.

Tope la Kano ni habari nyingine. Ukitoka lami pale Ahero kuelekea mashamba ya mpunga baada ya mvua, udongo mweusi unaziba nafasi zote kati ya meno, na baada ya mita chache tairi imekuwa kipara cha udongo. Tairi yoyote ya misimu yote ingefanya hivyo, meno yake hayana kina cha kulitupa tope la aina hiyo. Mimi huliacha gari kwenye lami nikapanda boda na katoni langu mapajani. Mteja wangu wa huko ananicheka: "Dada, gari la magurudumu manne na bado unapanda boda?" Napanda, na jioni narudi Kisumu bila kuvutwa na ng'ombe wake.

Kwenye kona, msomaji mwenye damu ya mbio aelewe anachonunua. Kupanda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa barabara inajikunja vizuri, na turbo inakushawishi. Ukiingia kona kwa ghadhabu, tairi za aina hii zinainama kidogo ubavuni kabla gari halijafuata usukani, na zinaanza kulia mapema kuliko za mbio. Mimi nina dawa za chupa nyuma, kwa hiyo hilo halininyimi usingizi. Anayetaka gari liume kona kila siku arudi kwenye lile jina la pili pale juu.

Presha nazipima asubuhi Nakuru, gari likiwa halijatembea, kwa kipimo changu mwenyewe, na nafuata kibandiko cha mlangoni mwa dereva. Joto likipanda nyuzi 10, presha inapanda kama psi 1.5 hadi 2, kwa hiyo ukipima Kisumu mchana baada ya safari utaona zimezidi. Usizipunguze. Kijana wa petroli pale Kondele aliwahi kushika valvu tayari kunisaidia, nikamzuia. Ukitoa upepo huo, kesho asubuhi Nakuru utaendesha tairi zenye njaa, na hizo ndizo zinazochemka na kupasuka. Kila kilomita 10,000 nazizungusha. Hadi sasa zinalika sawasawa, ndani na nje.

Nikiulizwa kama ningezinunua tena, kwa njia hii na gari hili, ndiyo. Anayeishi ndani kabisa ya Molo au Kuresoi, ambako lami ni ya Jumapili tu, achukue A/T avumilie mvumo wake.

Halafu kuna spea, ambayo duka la kwanza wala halikuigusa na kijana wa duka la pili aliitoa mwenyewe. Yangu ni ile nyembamba ya dharura. Ubavuni imeandikwa 420 kPa, yaani kama psi 60, nayo ilikuwa na psi 20 na kitu. Mafundi wengi wa pancha wataijaza 35 kama tairi ya kawaida, kwa hiyo mwonyeshe maandishi hayo kabla hajawasha kompresa. Usiipitishe kilomita 80 kwa saa, na kwenye Subaru usitembee nayo kuliko safari ya kufika kwa fundi wa karibu.