Uanagenzi wa programu kwenye kampuni kubwa: ada wanalipa, jina wanachukua

Naandika hasira zikiwa bado mbichi, maana zikipoa nitaanza kuwatetea. Najijua.

Niko kwenye uanagenzi wa kuandika programu katika kampuni moja kubwa ya malipo ya simu, ofisi ya hapa Mwanza. Jina naliacha. Unafanya kazi, unasoma shahada, ada wanalipa wao, na mwisho wa mwezi kuna posho. Uingereza shahada za namna hii zilianza mwaka 2015, mwanagenzi halipi ada, na kanuni yao ya mwanzo ilitaka angalau asilimia 20 ya muda wa kazi iwe ya masomo. Hawa wetu wakaiga, wakatupa siku moja ya chuo kwa wiki. Kwenye karatasi. Siku hiyo ndiyo simu inaita kuliko zote: "Dada, uko wapi? Ripoti haifunguki huku." Niko darasani, kaka, kwa mkataba mliosaini wenyewe. Ila hilo nimeshalizoea.

Nisilolizoea ni hili la juzijuzi.

Mawakala wa huku ziwani walikuwa wanalalamika kwamba hesabu ya siku haifungi. Ripoti ya kwenye mfumo inasema hivi, daftari la wakala linasema vile. Makao makuu Dar wanachunguza, hawaoni kitu, wanafunga lalamiko. Baada ya muda yanarudi mengi kwa mpigo, halafu yanapotea yenyewe. Ofisini kila mtu alikuwa na lake: mtandao, simu za bei rahisi, na mmoja akatamka mbele ya watu kwamba akina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hesabu zinawapiga chenga. Mwanamke anayepatana bei ya gunia la dagaa kwa kichwa tu, huku anamfokea mpagazi na kupokea simu, ndiye hesabu zimpige chenga!

Mimi nimekulia Igombe. Nikaenda mwenyewe kwa mama mmoja wakala, kibanda kiko karibu kabisa na mwalo. Baada ya shikamoo akanifungulia daftari lake, kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu ili wateja wasiondoke nayo. Kila ukurasa ameugawa kwa rula: kushoto tarehe yake, kulia tarehe ya kwenye mfumo wetu. Akaweka kidole. "Mwanangu, hela hii nimeitoa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, mtumbwi ulikuwa umetia nanga hapo. Mbona kompyuta yenu inasema Jumatatu?"

Nilibaki nakitazama kile kidole. Seva zetu, yaani kompyuta zinazotunza miamala, zinaandika saa za kimataifa, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ripoti ilikuwa inakata siku kwa saa za seva. Kwa hiyo muamala wowote wa kati ya saa sita na saa tisa usiku ulikuwa unaangukia jana. Sehemu nyingi wakala saa hizo amefunga kibanda, kosa halionekani. Huku ziwani dagaa wanavuliwa kwa taa, na giza ndilo soko lake. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti tena, wavuvi wanapumzika, na malalamiko yanapumzika nao. Nikachukua kalenda ya mwezi nikaipanga pembeni ya orodha ya malalamiko. Vilikwenda sambamba! Wataalamu wa Dar wangekaa na kumbukumbu za seva mpaka kiama, kwa sababu jibu lilikuwa angani.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache: geuza saa ziwe za Afrika Mashariki kwanza, ndipo ukate siku. Kazi ilikuwa kwenye majaribio, dakika moja kabla ya saa sita, dakika moja baada yake, saa nane, saa tisa kamili. Jaribio moja nikaliita "karabai_saa_nane", kwa heshima ya taa za zamani. Nikatuma kwa kiongozi wa timu aipitie.

Kimya. Nikamkumbusha kwa adabu. Kimya.

Kikao cha Ijumaa, kwenye skrini kubwa, marekebisho ya saa za ripoti, jina lake. Mistari ileile. Mpaka "karabai_saa_nane" ipo, chini ya jina la mtu ambaye nina hakika karabai hajawahi hata kuipiga pampu.

Na asije mtu kuniambia ni bahati mbaya. Git, programu tunayotunzia kila badiliko la kazi zetu, inaweka majina mawili kwa kila badiliko: aliyeandika na aliyeingiza. Ukiingiza kazi ya mwenzako kwa njia za kawaida, jina lake linabaki lenyewe, huhitaji kufanya kitu. Ili jina langu lipotee ilibidi anakili, abandike upya, atume kama zake. Alikaa kitini akafanya hivyo.

Nikamsubiri mlangoni. "Samahani kaka, ile kazi ya ripoti..." Hakuinua hata macho kwenye simu. "Binti, hapa ni timu. Majina tunaandika makaburini." Wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka.

Nikaenda utumishi. Dada wa watu akanisikiliza vizuri, akanipa maji, kisha akasema mfumo wa tathmini hauna sehemu ya wanagenzi, nivumilie. Nivumilie nini? Chuoni natakiwa niwasilishe jalada la kazi nilizofanya mwenyewe, na kazi yangu nzuri kuliko zote mwalimu akiifungua anakutana na jina la mwanaume mwingine.

Kwa hiyo nasema usiende? Hapana, na hapo ndipo roho inaniuma zaidi. Wenzangu wa kidato cha sita walioko vyuoni wanasubiri bumu, na mkopo wataulipa. Wakati wa field wanazunguka na barua mkononi kuomba nafasi, wakiipata wanatoa fotokopi. Mimi sidaiwi hata shilingi. Kuna dada mmoja wa hifadhidata, mkali kweli, amenifundisha kusoma msimbo wa mtu mwingine bila kumtukana, na sijui chuo gani kingenifundisha hilo. Mfumo ninaougusa unatumiwa na watu ninaowaamkia njiani. Ukipata nafasi, nenda. Ila kila unachokituma hifadhi nakala yenye tarehe, na mpelekee mwalimu wako wa chuo siku hiyohiyo, kabla hakijafika kwa bosi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kumaliza, kwa upole. Sasa jana usiku yule mama wa Igombe akanipigia, furaha tele. Hesabu inafunga. Giza lote la mwezi huu daftari na simu vinasema kitu kimoja. Mawakala wamepelekewa na ujumbe kutoka kampuni, una jina la mtaalamu aliyetatua. Akanisomea jina lote, taratibu, herufi kwa herufi.

"Mwanangu, mnaye kichwa huko kwenu. Nifikishie shukrani zangu kwa kaka huyo."

Nikaitikia sawa, mama. Sijamfikishia, na sitamfikishia.